Nani Anakula Laini

Tarehe 6 Februari

Mpwa wangu Profesa,

Kabla ya salamu, nataka ujue unaandikiwa na nani siku hizi. Mimi mjomba wako nikikohoa hapa ofisini, wilaya nne haziandikishi mtoto wala hazizikishi mtu. Vyeti vyote, vya kuzaliwa na vya kufa, vinapita kwenye waya mmoja kwenda makao makuu. Waya huo unalala kwenye chumba kimoja, na ufunguo wa chumba hicho unalala mfukoni mwangu. Bosi mwenyewe akitaka kuingia anabisha hodi. Juzi alibisha, nikamwambia subiri, na alisubiri.

Sasa salamu. Huku hatujambo. Mama yako ni mzima, ila magoti. Amehamia chumba cha nyuma kwa hiari yake, maana cha mbele kina upepo, na mimi kazi yangu ni ya akili, akili inataka upepo. Nilimwambia mara moja tu, hata sentensi sikuimaliza. Dada yangu ni mtu wa kusikia.

Usinipigie simu. Kwenye simu una tabia ya kuuliza swali la pili kabla sijamaliza kujibu la kwanza, na hiyo si heshima. Barua zangu zinasafiri bure ndani ya mfuko wa ofisi, na mambo mazito yanataka karatasi.

Kisanduku chako cha kupanga foleni ya waya, ulichokituma kutoka chuoni huko ng'ambo, kimefika. Ni kweli rafiki yako Kidoti, yule anayehudumia wananchi dirisha la tatu, ndiye aliyembembeleza Bosi mpaka akakubali kiwekwe. Lakini aliyekiweka ni mimi. Kidoti alishika tochi, akawa anasoma yale maelekezo ya lugha ya kigeni. "Mjomba, wanasema waya wa madirisha uingie kushoto." Nikamwambia, "Najua, wewe shika tochi." Lugha ile naijua kuliko wenyewe, nilimwacha asome ili ajifunze.

Hofu isikupate. Mwaka juzi radi iliingia kwenye waya huu huu, ikataka kupita kwenda kuunguza makao makuu. Niliishika kwa mkono wa kushoto nikairudisha ilikotoka. Muulize yeyote, ila si mlinzi wa getini, yule ana wivu.

Mjomba wako,
Mkuu wa Mitambo

*

Tarehe 1 Machi

Shikamoo Mjomba,

Huku mimi mzima. Baridi imepungua, chumba changu kina dirisha moja linaloangalia ukuta, na kula nakula. Mwambie Mama ampelekee daktari hayo magoti, na umwulize, mbele yako, kama kweli chumba cha nyuma alikitaka.

Asante kwa kisanduku. Naona kinafanya kazi, maana kila jioni kinanitumia mchoro wa mwendo wa laini, yaani huo waya wenu. Ila michoro yenyewe inanitia wasiwasi, kwa hiyo nikueleze kinavyofikiri, uniambie unachokiona huko.

Unakumbuka pipa la maji juu ya paa? Mama alikaa juu na mdomo wa mpira, wewe ulikaa chini bombani. Pipa likikaribia kujaa, Mama alipiga kelele, "Funga!" Wewe ulisikia ukiwa umechelewa, na hata ukifunga papo hapo, maji yaliyokuwa njiani ndani ya mpira yalizidi kuja. Yakamwagika, Mama akaloa. Kisha ulifunga kabisa kwa hasira, pipa likakaa nusu. Ulifungua tena kwa nguvu, akaloa tena. Kazi yangu yote, hiyo wanayoiita nadharia ya udhibiti, ni hiyo tu: ufunge kiasi gani, na mapema kiasi gani, ukijua kwamba habari unayoipata imeshapitwa na wakati.

Kisanduku hakilioni pipa. Kila mara kinatuma kijumbe kidogo mpaka makao makuu na kungoja kirudi. Kijumbe kikichelewa, maana yake kuna foleni mahali, basi kinaziambia mashine za madirisha zipunguze mwendo. Kikirudi upesi, kinaziachia. Mashine zote zikisikia, foleni inakwisha na kila dirisha linapata sehemu yake.

Hapo kwenu mashine zinasikia, nimeona. Zinapunguza, zinapunguza tena, na kijumbe bado kinachelewa. Kisanduku kinazibana mpaka karibu zikate roho, na foleni haiondoki. Hii haiwezekani, ila kama kuna mtu mmoja asiyesikia.

Kwa hiyo swali, Mjomba, moja tu: kuna waya wowote unaokwenda kwenye mtambo mkubwa, ule unaotoa laini kwenda makao makuu, bila kupita kwenye kisanduku? Hata mdogo?

Mwezi wa tano mwishoni nasimama mbele ya wakubwa wa chuo kuitetea kazi hii. Michoro ikibaki hivi, wananirudisha nyumbani bila cheti. Nijibu upesi.

Mpwa wako

*

Tarehe 25 Machi

Profesa wangu,

Marahaba. Ndugu wote wazima. Mama yako nimemwuliza kuhusu chumba, mbele yangu kama ulivyotaka, akasema hana neno. Magoti bado. Paka amezaa ndani ya sanduku la nguo zako za shule, tumemwachia.

Mimi ndiye niliyepata mtihani. Jino! Wiki ya pili ya mwezi huu sikutia mguu ofisini kabisa. Shavu lilivimba mpaka nikalala upande mmoja kama mashua. Daktari wa meno alipoliona alivua miwani, akasema, "Mzee, hili si jino, hili ni nguzo." Waliitwa wanaume wawili wa kunishika. Koleo lilipinda. Walileta lingine. Jino lilipotoka, muuguzi mmoja akauliza kama anaweza kupiga nalo picha.

Ufunguo sikumwachia mtu. Chumba cha mitambo kilifungwa wiki nzima, hata taa haikuwashwa. Niliporudi nilikuta Bosi amekonda.

Umeniuliza habari za waya. Mpwa wangu, swali hilo ni kama kumwuliza mpishi kama ananawa mikono. Nyaya zote za humu zinanijua. Tuliache.

Na pale bombani sikuwa nachelewa kusikia. Mama yako alikuwa na sauti ndogo.

Mjomba wako

*

Tarehe 10 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Barua yako haijafika. Nimengoja, nimechoka kungoja. Natumaini wote wazima.

Nakuandikia kukwambia usihangaike na swali la waya, maana aliyekuwa akila laini nimempata. Dirisha la tatu. Mashine ya pale inaomba mara nyingi kuliko zote. Ikinyimwa inaomba tena, na tena. Nilihesabu maombi ya madirisha yote na lile limeyazidi yote kwa mbali. Sikutaka kuamini, maana unajua anayekaa pale. Lakini namba hazina rafiki.

Nimempelekea Bosi taarifa wiki iliyopita. Sikuandika jina, niliandika dirisha.

Kuna wiki moja tu iliyonisumbua, ya pili ya Machi. Laini ilitulia kama maji ya mtungi. Kisanduku kilifanya kila kitu nilichokiota, madirisha yote yalipumua, na la tatu likafanya kazi sawa na wenzake bila kelele. Mwalimu wangu alisema wiki moja kati ya nyingi ni bahati tu, na bahati haiwekwi kwenye mchoro. Nimeiondoa.

Msalimie Kidoti, lakini usimwambie chochote. Nitamwandikia mwenyewe nikipata maneno.

Mpwa wako

*

Tarehe 2 Mei

Profesa, fundi wa mafundi!

Marahaba, na hongera. Nyumbani salama. Mama yako ameanguka bafuni, si sana, amekaa siku kadhaa kitandani kisha akaamka mwenyewe kupika. Paka wote tumewagawa.

Sasa nikupe habari, maana mjomba wako ndiye aliyezibeba.

Taarifa yako ilimfikia Bosi akiwa hajanywa chai. Aliisoma akiwa amesimama. Alituita wote ukumbini, watu wa nje kwenye foleni wakiangalia kupitia vioo kama sinema. Akasema, "Miezi hii yote wananchi wanalala getini kwa ajili ya karatasi moja, kumbe mmoja wenu anakula laini." Akauliza, "Nani anakula laini?" Akajibu mwenyewe, "Dirisha la tatu."

Kidoti alisimama. Unamjua, mtu wa sauti ya chini. Akasema, "Bosi, mimi nafanya vyeti tu. Mashine inakwama, ndiyo maana nabonyeza tena." Bosi akasema, "Unabonyeza nini, muziki?" Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, siwezi kukudanganya, Bosi akichekesha kuna namna ya kucheka. Akamwambia, "Basi kama si wewe, mtaje." Kidoti aliniangalia mimi. Aliniangalia kwa muda, kama mtu anayeomba radhi, kisha akainamisha kichwa, akasema, "Sina wa kumtaja." Nadhani aliona aibu mbele yangu, maana ananiita mjomba kama wewe.

Alifukuzwa papo hapo, na mimi nikapewa kazi ya kumsindikiza mpaka getini. Nilimbebea mfuko, mimi si mnyama. Alikuwa na kikombe, ndara za ofisini na ile picha yenu mliyopiga mkimaliza shule, wewe umemwekea pembe kichwani kwa vidole. Akaniuliza, "Mjomba, ile taarifa kaiandika yeye mwenyewe?" Nikamwambia kwa fahari, "Mkono wake mwenyewe!" Akasema, "Mwandiko wake siku zote ulikuwa mzuri." Akaenda. Hata hakugeuka.

Kiti chake cha ofisini, kile chenye vigurudumu, nimepewa mimi. Kinazunguka mpaka nyuma. Nimekiweka chumba cha mitambo.

Laini bado nzito kidogo, lakini Bosi anasema itachangamka ikishazoea.

Mjomba wako,
Mkuu wa Mitambo na Viti

*

Tarehe 20 Mei

Mjomba,

Leo sikuamkii.

Barua yako ya jino imefika jana. Ilizunguka sijui wapi na mfuko wenu wa bure, ikafika nyuma ya ile ya kiti. Nimezisoma mbili pamoja, ya mwisho kwanza na ya kwanza mwisho.

Wiki ya pili ya Machi. Wiki ile ile niliyoifuta. Kidoti alikuwa dirishani kwake, mashine yake imewaka, laini imetulia. Aliyekosekana ofisini ni mtu mmoja tu, na chumba kimoja tu kilikuwa na giza.

Sasa nakuambia ulichokifanya, kwa maneno ambayo hata wewe utayaelewa. Kisanduku kilipoanza kuwabana watu wote, na wewe kilikubana, kiduara kikawa kinazunguka kwenye kioo chako. Ukachomoa waya wako ukaupeleka moja kwa moja kwenye mtambo mkubwa, mbele ya kisanduku, kisikoona. Ukawa unavuta mechi zako za mpira kwa nguvu zako zote. Kijumbe kikachelewa. Kisanduku, kwa ujinga niliokitia mimi mwenyewe, kikawabana wenye kusikia, maana ndio pekee waliokuwa wakisikia. Kila walivyopunguza, wewe ulijaza nafasi. Na yule mwenye kazi nyingi kuliko wote, mwenye foleni ndefu kuliko wote, akawa anabonyeza tena na tena akiomba kipande chake. Mimi nikamhesabia kuomba kwake nikamwita mlafi.

Wewe si mkuu wa mitambo. Hujawahi kuwa mkuu wa kitu. Wewe unafagia chumba na kuwasha kipoza hewa, na hata kipoza hewa Kidoti ndiye aliyekuonyesha kitufe. Tangu nikiwa mtoto tumekuwa tukikuitikia hadithi zako kwa sababu Mama alisema tusikuvunje moyo. Sijawahi kuamini hata moja. Hakuna aliyewahi.

Nenda kwa Bosi. Mwambie waya ulikuwa wako. Ukisema wewe, ni kosa la waya, kosa dogo la mzee asiyejua, atakufokea na yatakwisha, na Kidoti atarudi kwenye dirisha lake. Nikisema mimi, ni kosa la kisanduku, na wiki ijayo nasimama mbele ya wakubwa. Unaelewa kwa nini inabidi iwe wewe.

Na utoke kwenye chumba cha mbele. Mama ameanguka bafuni na wewe unaniandikia habari za paka.

Mpwa wako

*

Tarehe 15 Juni

Mpwa wangu,

Barua yako haikuwa na shikamoo. Nimeitikia hivyo hivyo: marahaba.

Nyumbani wazima. Mama yako ulimpigia simu siku ile ile uliyosimama mbele ya wakubwa, akapiga vigelegele peke yake jikoni mpaka majirani wakaja kuuliza. Anasema umefaulu, wakubwa walisimama wakapiga makofi, na mchoro wako watautumia kufundishia wengine. Hongera sana. Nilimwuliza, "Aliwaambia habari za wiki ya pili ya Machi?" Akasema hajui wiki gani, alisikia makofi tu. Basi na mimi nikanyamaza. Watu hawampigii makofi mtu aliyesema amekosea, hilo hata asiyesoma analijua.

Kwa hiyo Bosi sijamwendea. Nilikuwa nangoja uende wewe. Naona na wewe ulikuwa unaningoja mimi. Wote wawili tunasikia, ila tunachelewa kufunga.

Umeniambia mimi ni mfagiaji. Ni kweli nafagia, na mitambo isipofagiwa inakufa, muulize yeyote. Umesema hamkuwahi kuamini hadithi zangu. Hata ya radi? Ile ya radi nusu yake ni kweli, ilinguruma.

Ya waya umeyaeleza vizuri kuliko ningeyaeleza mimi. Niliupitisha pembeni wiki ile ile ya kwanza. Kisanduku chako hakina adabu, mtu yuko katikati ya jambo kinamletea kiduara.

Kidoti nimemwona. Amepata mahali pengine pa kazi, sharti apeleke karatasi ya utumishi ya kuonyesha kwamba aliwahi kufanya kazi hapa. Karatasi hiyo inatoka makao makuu, inapita kwenye waya. Kwa hiyo anakuja kupanga foleni nje na wananchi wengine. Dirisha la tatu limefungwa, hajawekwa mtu, wote wanabanana kwenye yale mengine. Akifika mbele mashine inakwama, wanamwambia rudi kesho. Juzi wa dirisha la pili alitaka kubonyeza tena, Kidoti akamwambia, "Acha, dada, usibonyeze, watakuhesabia." Wakacheka wote, hata yeye. Mahali penyewe pamesema patamngojea mpaka mwisho wa mwezi huu.

Alinisalimia, "Shikamoo Mjomba." Nilikuwa nimekaa kwenye kile kiti, mlango wazi. Nikamwambia marahaba. Hakukiangalia kiti. Akaniuliza kama mpwa wangu amefaulu. Nikamwambia amefaulu. Akasema, "Alhamdulillahi, angalau mmoja." Nikafunga mlango, maana ilikuwa imeanza.

Hapo ndipo nataka kukuambia neno moja, na ukishalisoma ichane barua hii. Usimwambie mama yako.

Umedhani naangalia mpira. Bosi naye siku moja alinikuta, nikamwambia mpira. Si mpira. Ni tamthilia. Ile ndefu, ya yule mama tajiri na binti aliyeporwa mtoto wodini akabadilishiwa. Naangalia tangu sehemu ya kwanza. Nimelia mara kadhaa, kwa heshima, mlango ukiwa umefungwa.

Na lile jambo la lugha. Nilikuambia naijua kuliko wenyewe. Siijui. Hata kidogo, Profesa. Kidoti ndiye aliyekuwa akija na chakula chake mchana, anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mimi kwenye kigoda, ananitafsiria huku anakula. "Hapa anamwambia, Mjomba, kwamba hampendi tena. Hapa anadanganya." Alijua nakula laini kuliko ofisi nzima. Wala hakuwahi kukuandikia, wala siku ile ukumbini hakunitaja. Waya wa pembeni hakuuona, uko nyuma ya ndoo.

Sasa naangalia midomo tu.

Juzi yule mama tajiri alimwinamia binti kitandani akamnong'oneza maneno matatu. Binti akapiga yowe, akang'oa mipira ya dripu mkononi, akakimbia pekupeku hadi barabarani, na ikaishia hapo. Nimerudia kuiangalia asubuhi nzima, mpaka watu wa foleni wakaanza kugonga vioo. Siambulii kitu. Nilitoka hadi nje nikataka kumwita Kidoti aje mara moja tu, anisikilizie. Nilipomfikia aliniangalia akidhani nimemletea karatasi yake. Nikamwuliza saa ngapi.

Wewe umesoma, lugha hiyo ndiyo unayofundishiwa. Nakuandikia maneno yenyewe nyuma ya karatasi hii kama ninavyoyasikia. Niambie alimwambia nini.

Mjomba wako